Mzunguko wa Mia Moja na Moja

"Shikamoo mwalimu. Nimeshazungusha mara mia sijapata kitu. Si sasa imekaribia?"

Swali hili naulizwa Kilwa Masoko, naulizwa Nangurukuru nikingoja basi, naulizwa Lindi mjini na vijana waliosikia kwamba kazi yangu ni takwimu. Muulizaji huwa na simu mkononi. Mchezo huwa Free Fire au eFootball au mwingine wa ukoo huo: unalipa almasi au sarafu za mchezo, unabonyeza, gurudumu linazunguka au sanduku linafunguka, na humo mna kitu kimoja adimu ambacho kila mtu anakitaka, iwe skini ya bunduki au kadi ya mchezaji nguli wa zamani. Ufuta ukishauzwa mnadani na malipo yakaingia kwenye simu za wazazi, maswali huongezeka.

Jibu ni hapana. Haijakaribia, na wala haikuwa mbali. Kama uwezekano uliotangazwa ni asilimia 1 kwa kila mzunguko, na kanuni za mchezo hazisemi lingine, basi mzunguko wa mia moja na moja una asilimia 1, sawasawa na ule wa kwanza kabisa uliozungusha ukiwa na matumaini mapya. Nimelijibu hivi mara nyingi, kwa upole. Muulizaji huitikia kwa kichwa, anashukuru, kisha anakwenda kwa wakala kuongeza salio ili anunue almasi nyingine. Safari hii nitalijibu kwa urefu.

Asilimia 1 husomwa na wengi kama mkataba: nikizungusha mia, kimoja changu. Mkataba huo haupo. Uwezekano wa kukosa katika mzunguko mmoja ni 0.99. Kukosa mara mbili mfululizo ni 0.99 mara 0.99. Endelea kuzidisha hivyo hadi mara mia, utapata karibu 0.37. Maana yake ni kwamba wakikaa vijana mia, kila mmoja akazungusha mara mia, yapata 37 kati yao wataondoka mikono mitupu. Wengine 37 hivi watapata kimoja, na 26 waliobaki watapata viwili au zaidi, na hao ndio utakaowasikia. Wale 37 wa kwanza hawakurogwa, akaunti zao hazina mkosi, na hakuna mtu kwenye kampuni anayewaangalia. Wamepata kile ambacho hesabu ilisema zaidi ya theluthi ya vijana wote mia watakipata.

Ukitaka nafasi ya nusu kwa nusu ya kukipata japo kimoja, jiandae kwa mizunguko 69. Ukitaka asilimia 90, jiandae kwa 230. Ukitaka asilimia 99, ni 459, na hata hapo katika kila watu mia mmoja atakuwa bado anatazama sanduku tupu. Kijana aliyekuja kwangu na mizunguko mia alidhani amefika mwisho wa safari. Kwa kipimo cha asilimia 90 hajafika hata katikati, na kipimo chenyewe kilipaswa kusomwa kabla ya kuanza. Baada ya kuanza, mizunguko mia iliyokwisha kupotea haiingii tena kwenye hesabu: kutoka hapo alipo, nusu kwa nusu yake ni mizunguko 69 mingine, na asilimia 90 yake ni 230 mingine, kana kwamba amefungua mchezo asubuhi ya leo.

Hapo ndipo anapokataa. "Lakini mwalimu, haiwezekani nikose milele."

Kijana wa pwani anayesema imekaribia hakujitungia wazo hilo. Amelelewa mahali ambapo kusubiri kunalipa kweli, na ameliona kwa macho. Kule Songosongo wavuvi wa pweza wanajua maana ya kufunga mwamba. Kamati ya usimamizi wa fukwe, BMU, hukaa na wavuvi, wanakubaliana sehemu gani ya mwamba ipumzike, na kwa muda wa miezi kama mitatu haendi mtu pale kuchokoa pweza, awe mwanamume mwenye mtumbwi au mwanamke anayeteremka kwa miguu maji yakitoka. Siku ya kufungua huwekwa kwenye bamvua, maji yakiwa yamekwenda mbali na mwamba uko nje. Watu huteremka kwa pamoja, na pweza wanaotoka siku hiyo ni wakubwa kuliko wale wa siku za kawaida. Mizani inaonyesha, na mnunuzi anayepanga bei kwa kilo anaona.

Sababu yake haina uganga wowote. Pweza huishi takriban mwaka mmoja tu, na katika muda huo mfupi hukua kwa kasi kubwa. Miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya umri. Ukimwacha, kila siku anaongeza uzito. Ukimvua mdogo, umevuna kilichokuwa kinakuja. Kwa hiyo mwamba unatunza kumbukumbu. Siku ulizoacha kuvua zimo ndani ya uzito wa pweza, na siku ulizovua kupita kiasi zimo ndani ya mashimo matupu. Mvuvi akisema mwamba huu umepumzika, sasa utatoa, anasema jambo la kweli ambalo mtaalamu yeyote wa uvuvi atalitia saini.

Kosa linaanza pale maarifa hayo mazuri yanapohamishiwa kwenye simu. Ndani ya mchezo hakuna kinachonenepa wakati unakosa. Ukibonyeza, simu yako inatuma ombi kwenye seva ya kampuni, na seva inaendesha programu ya kuzalisha namba za nasibu. Tuseme inatoa namba moja kati ya 1 na 10,000. Ikiangukia kati ya 1 na 100, umepata. Kuanzia 101 kwenda juu, umekosa. Jibu linarudi kwenye simu, na kazi imekwisha. Ombi lako linalofuata linapewa namba yake mpya. Mahali pa kuuliza umeshakuja mara ngapi na umeshatumia shilingi ngapi hapamo katika hatua hizo, isipokuwa kama mwenye mchezo amepaweka kwa makusudi, na akipaweka huwa anaandika, kwa sababu anataka ujue. Nitalifikia hilo.

Na lile gurudumu? Gurudumu ni picha. Linapoanza kuzunguka, matokeo yameshaamuliwa na yameshafika kwenye simu. Linapopunguza mwendo mbele ya macho yako, likaipita zawadi kubwa kwa nafasi moja na kusimama kwenye kopo la rangi usilolihitaji, hakuna kilichokosewa kidogo. Namba 101 na namba 9,874 zimekosa kwa kiasi kilekile. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi hawahesabu mizunguko. Wanahesabu mara ambazo ilisimama karibu. "Leo imesimama jirani mara tatu," wananiambia, kama mvuvi anayeona povu la samaki juu ya maji. Povu la samaki ni dalili, maana samaki wapo chini yake. Chini ya gurudumu hakuna kitu. Aliyeichora picha ile angeweza kuifanya isimame jirani kila mara, na uwezekano wako usingepungua wala kuongezeka hata kwa chembe.

Kilwa ina habari yake ya kitu adimu kuliko skini yoyote. Mwaka 2003, katika maji ya Songo Mnara, alivuliwa silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alikwisha kutoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Huyu wa Songo Mnara alikuwa wa kwanza kuthibitishwa Tanzania. Miaka michache iliyofuata, Tanga wakavua wengi hadi ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Watu waliweza kusema bahati imefunguka. Kilichotokea ni kwamba jarife za papa zilikuwa zinatupwa kwenye kina kirefu zaidi, huko huko silikanti anakoishi. Uwezekano ulibadilika kwa sababu kuna mtu alibadili kina cha wavu. Ndivyo ninavyotaka vijana wafikiri: ukisema uwezekano umebadilika, nionyeshe kilichoubadilisha. Kukosa kwako mara mia hakujabadilisha kina cha wavu wowote.

Kuna muulizaji wa pili, aliyesoma zaidi, na huyu hunichosha kuliko wa kwanza. Anakuja na kanuni ya namba kubwa. Anasema kitabuni imeandikwa kwamba ukirudia jaribio mara nyingi, wastani husogea kwenye uwezekano wa kweli. "Mimi niko chini ya wastani. Kwa hiyo lazima sasa nipate mfululizo ili wastani ukae sawa." Kanuni ipo, na ina heshima yake: Jacob Bernoulli aliithibitisha katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, baada ya kifo chake. Ila haisemi hivyo. Tazama. Umezungusha mia, umepata sifuri. Tuseme unazungusha elfu kumi nyingine, na zinakuwa za kawaida kabisa, bila fidia yoyote, unapata 100. Jumla umepata 100 katika mizunguko 10,100, yaani asilimia 0.99. Wastani umeshakaa sawa, na lile pengo la mwanzo halikulipwa hata senti moja. Lilimezwa tu na wingi wa mizunguko iliyofuata. Kanuni ya namba kubwa inafanya kazi kwa kuzamisha yaliyopita, na haina haja ya kuyalipia. Anayesubiri fidia anasubiri kitu ambacho hesabu haikumwahidi, na kwa namna inavyofanya kazi, itamgharimu mizunguko elfu kumi ili tu akubaliane na Bernoulli.

Sasa ratiba za usiku. Hizi zinauzwa. Zinapita kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, zikiwa na majina ya kupendeza, na mnunuzi analipa elfu chache ili aambiwe azungushe saa nane na robo usiku, au saa tisa kasoro dakika saba, eti ndipo seva inapofunguka. Kila ninapokwenda kuna mtu ameshalipa.

Kijana mmoja wa Kivinje aliniletea ushahidi wake. Alikuwa na kaunta buku, amelipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, alichopata. Kila alipopata kitu adimu alikizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Kazini ninapokea rekodi za samaki zilizoandikwa ovyo kuliko ile. Na ni kweli, duara nyekundu zilikuwa zimejazana kwenye saa nane na saa tisa za usiku. Nilimuuliza swali moja tu: mizunguko yako mingi unazungusha saa ngapi? Akajibu bila kufikiri, "Usiku, mwalimu. Bando la usiku ni rahisi."

Basi. Kila kitu kiko hapo. Anavua zaidi usiku, anapata zaidi usiku. Chukua mfano: mtu amezungusha mara 312 usiku akapata vitu vitano, na mara 58 mchana akapata kimoja. Kwenye daftari usiku unaonekana ni mara tano ya mchana. Gawanya. Tano kwa 312 ni asilimia 1.6. Moja kwa 58 ni asilimia 1.7. Usiku hauna kitu. Daftari lile lilikuwa na namba zote zilizohitajika ili kuiua ratiba. Kilichokosekana ni kugawanya, jambo linalofundishwa shule ya msingi. Sielewi kwa nini mtu ajinyime usingizi mwezi mzima, aende shambani au darasani macho mekundu, kabla ya kugawanya namba mbili.

Muuza ratiba yeye hana haja ya kugawanya, maana hawezi kupoteza. Ana watu 200 kwenye kundi lake. Anawaambia wote wazungushe mara 20 saa nane usiku. Kwa uwezekano wa asilimia 1, kila mmoja ana karibu asilimia 18 ya kupata japo kimoja katika hizo 20. Asubuhi yake watu kama 36 wanaamka na kitu, wanapiga picha za skrini, wanatuma kundini na maneno ya shukrani. Wale 164 wananyamaza kwa aibu au wanafikiri walichelewa dakika. Picha 36 ndizo tangazo la mwezi ujao. Angewaambia wazungushe saa sita mchana wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, angepata picha 36 vilevile.

Mbaya zaidi ni zile programu zinazodai kutabiri au kuzalisha almasi. Ili programu ijue namba itakayofuata ingebidi iwe ndani ya seva ya kampuni. Simu yako haitupi namba. Inaonyesha tu zilizokwisha kutupwa kwingine. Ndiyo maana pia kufuta kumbukumbu ya simu, kubadili laini, kuzima data na kuwasha, na kutumia VPN ujifanye uko Brazil havibadilishi uwezekano. Programu ya kutabiri inachoweza kufanya ni kukuomba nywila ya akaunti yako, na hiyo huifanya vizuri sana.

Nilisema kuna masanduku yenye kumbukumbu. Yapo, na hapa lazima wachezaji wa eFootball wapewe haki yao. Katika masanduku ya Konami ya aina iliyozoeleka, kadi huwa 150, tatu zikiwa za daraja la Epic, na kadi uliyoitoa hairudi tena ndani. Hilo ni jambo tofauti kabisa. Ukishatoa kadi 100 bila kupata Epic hata moja, zimebaki kadi 50 na Epic zote tatu zimo, kwa hiyo kadi inayofuata ina asilimia 6 ya kuwa Epic badala ya 2 za mwanzo. Hapo neno imekaribia ni sahihi, na hesabu yake inaandikwa kwenye skrini: zimebaki ngapi kati ya ngapi. Ukitoa kadi 50 za mwanzo una takriban asilimia 71 ya kupata Epic mojawapo. Lakini karibu kila anayeniuliza hataki Epic mojawapo, anataka mmoja kwa jina. Kwa huyo mmoja, kadi 50 zinakupa theluthi moja tu, na uhakika kamili unapatikana kadi ya 150. Watu husoma namba ya kwanza na kulipia ya pili.

Genshin Impact ina utaratibu mwingine: uwezekano wa mhusika wa nyota tano ni asilimia 0.6 kwa mara, ila ukikosa sana, mara ya 90 ni lazima. Kaunta hiyo ni kumbukumbu ya kweli iliyoandikwa kwenye kanuni. Hata hivyo, wa nyota tano atakayekuja huenda asiwe yule aliyechorwa kwenye tangazo, na mengi ya malalamiko ninayoyasikia yanatoka hapo. Katika Free Fire, lile gurudumu liitwalo Faded Wheel linakutaka uondoe zawadi mbili usizozitaka kati ya kumi, kisha nane zilizobaki hazijirudii, kwa hiyo ukienda mpaka mwisho utapata zote. Bei nayo hupanda kila mzunguko. Jumlisha bei zote nane kabla ya kubonyeza ya kwanza, na usidhani kwamba zawadi zote nane zina uzito sawa.

Kwa hiyo swali la maana si lile la kuuliza kama imekaribia. Swali ni: kanuni ya sanduku hili inasema inakumbuka au haikumbuki? Jibu limeandikwa, mara nyingi nyuma ya kialama kidogo cha herufi i au alama ya kuuliza pembeni ya gurudumu. Nawaomba vijana wanionyeshe ukurasa huo, na wengi ndiyo mara yao ya kwanza kuufungua, baada ya mamia ya mizunguko.

"Na kama kampuni inadanganya?" Swali hili nalipenda, maana ni la haki, na jibu lake ni kwamba inawezekana. Januari 2024 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Korea Kusini iliitoza Nexon faini ya won bilioni 11.6 kwa sababu katika mchezo wake wa MapleStory ilipunguza uwezekano wa vitu vilivyotafutwa sana bila kuwaambia wachezaji. Baadhi ya michanganyiko iliwekwa sifuri kabisa, na watu wakaendelea kuilipia kwa miaka. Sifuri haikaribii, hata uzungushe maisha yako yote. Lakini angalia kwamba udanganyifu huo haugunduliki kwa hisia za mtu mmoja aliyekosa mara mia, kwa sababu kukosa mara mia kwa asilimia 1 ni jambo la kawaida, kama tulivyoona. Unagundulika kwa rekodi za maelfu ya wachezaji zikikusanywa pamoja, na kwa sheria inayolazimisha vitabu vifunguliwe. China ilianza kuzitaka kampuni zitangaze uwezekano Mei 2017. Apple ikaweka sharti hilo kwenye duka lake mwishoni mwa mwaka huohuo. Ubelgiji mwaka 2018 ikayahesabu masanduku ya kulipia kuwa kamari. Japani ilikwishakataza tangu 2012 ule mtindo wa kukulazimisha ukusanye vitu kadhaa vya bahati ili upewe kimoja kikubwa.

Kwetu, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake zinajulikana mitaani kwa sababu ya dubwi na mikeka, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza hivyo. Mtoto wa miaka 13 akisogelea dubwi kuna mtu mzima atamfukuza. Mtoto huyohuyo akiwa na simu ya mama yake na PIN yake, anazungusha mpaka salio liishe, na hakuna aliye karibu wa kumfukuza. Hilo naliona kuwa jambo zito kuliko ratiba zote za usiku, na wazazi wengi wanaligundua ujumbe wa muamala ukishaingia.

Ya kufanya ni machache. Fungua ukurasa wa uwezekano kabla ya kununua sarafu. Gawanya 230 kwa asilimia iliyoandikwa pale, maana kwa asilimia 1 ni 230, kwa asilimia 2 ni karibu 115, kwa nusu asilimia ni 460. Zidisha kwa bei ya mzunguko mmoja kwa shilingi, na hiyo ndiyo bei halisi ya kitu unachokitaka. Kama huwezi kuilipa bei hiyo yote leo, usianze leo. Kama sanduku linapungua au lina kaunta ya lazima, hesabu bei ya mwisho wake, uangalie pia kama kaunta inarudi sifuri tukio likimalizika. Kitu kikiuzwa moja kwa moja dukani ndani ya mchezo, nunua hapo, hata kama kinaonekana ghali. Mizunguko ya bure ya kila siku tumia upendavyo, saa upendayo, na ulale. Weka kiasi cha mwezi kwenye laini tofauti na ile ya matumizi ya nyumbani, kikiisha, kimeisha. Ukijikuta unakopa ili uzungushe, au unaficha, mwambie mtu mzima unayemwamini na uifute programu kwa muda. Almasi za bei ya kutupa kwa mtu usiyemjua usizinunue. Mzazi, iweke simu idai nywila kwa kila manunuzi, na PIN ya pesa asiijue mtoto hata kama ndiye anayekusaidia kutuma. Akaunti ikiibiwa, usimlipe anayejitokeza kudai atairudisha. Andika kwa kampuni kupitia sehemu ya msaada iliyo ndani ya mchezo wenyewe, na PIN ya pesa za simu ibadilishe siku hiyohiyo.